Kielelezo Haruhusiwi Kufa

Ugomvi wa siku ile aliuleta Bando. Karibu ugomvi wote wa kijiwe changu huletwa na Bando, kwa sababu ndiye pekee anayeamka na simu mkononi na habari za watu asiowajua kichwani. Ni kijana wa bodaboda, kwa mama yake anaitwa Rodrick, ila hapa tunamwita Bando maana abiria akimpungia mkono haoni, lakini bando likiisha analia msiba.

"Oya, sikieni hii!" akasema, ameegemea pikipiki, upepo wa Same unampulizia vumbi mpaka kwenye meno. "Ulaya huko, bibi kauza gari. Gari zima! Kauza ili paka wake afungiwe mashine ya kusafisha figo."

"Gari gani?" akauliza Mama Makande.

"Sasa aina ya gari inakuhusu nini, mama?"

"Inanihusu. Kama ni bovu, hajauza gari, kauza vyuma chakavu. Usitupandishe presha bure."

Mama Makande ni Yudith, anauza makande pembeni ya birika langu, na ana sauti ambayo wasafiri wa Arusha wanaisikia wakiwa bado ndani ya basi.

"Mashine ya figo kwa paka!" nikasema. "Mimi nikiugua figo hapa, mke wangu atanichemshia majani ya mlonge, tena ataniambia nikayachume mwenyewe. Huyo bibi hana akili."

"Ana akili sana!" wakasema wazee wawili kwa mpigo mmoja.

Kijiwe kizima tukaduwaa. Wazee wale wawili kukubaliana neno moja ni jambo ambalo halijapata kutokea, na wenyewe walishtuka kuliko sisi.

"Nimesema kwanza mimi," akasema mmoja haraka.

"Umesema baada yangu," akasema mwenzake. "Umeiga!"

Tukapumua. Mambo yalikuwa sawa.

Yule wa kwanza ni Mzee Anaeli, tunamwita Rufaa. Mkulima wa maharage kutoka Chome, Mlutheri, anashuka na sweta lake la mlimani na halivui hata jua la Same likiwa la kukaangia mayai juu ya bati. Yule wa pili ni Mzee Idrisa, tunamwita Zuio. Ana stoo ya nafaka nyuma ya stendi, kofia safi, kanzu safi, na akiona mtu anataka kufanya jambo, kwanza analizuia, ndipo anauliza ni jambo gani.

Wote wawili wakatazama chini ya meza yangu ya kahawa. Na sisi tukatazama. Ndani ya boksi la sabuni, juu ya kipande cha blanketi, alikuwa amelala paka mmoja mkongwe, jicho moja wazi, jicho moja limefumba, mbavu zinahesabika. Jina lake Kielelezo.

Na mimi, kabla hujauliza, jina langu Athumani, lakini kwa ajili ya paka huyo huyo watu wananiita Kabidhi. Acha nikueleze haraka, maana nikiichelewesha hadithi hii wenyewe wataanza kuieleza na hapatatosha.

Miaka kumi na sita iliyopita Rufaa alishusha magunia ya maharage kutoka Chome, akayaweka kwenye stoo ya Zuio. Kumbe ndani ya gunia moja alikuwa amejipenyeza paka jike mwenye mimba. Usiku akazaa humo stoo, mtoto mmoja tu akapona, mama mtu akadandia lori la mchana akapotelea zake. Yule mtoto akakua, akawa muuaji. Panya wa stoo ile walihama na familia zao. Rufaa aliposikia sifa zake akaja kumdai. Akasema, mimba ni ya Chome. Zuio akasema, uzazi ni wa Same. Wakaenda barazani.

Mimi ni Mpare, nina haki ya kusema: Mpare ukimpa kuku na kesi achague, atachagua kesi, kisha akate rufaa apewe na kuku. Walitoa ushahidi wiki kwa wiki. Waliita mashahidi wa gunia. Waliita dereva wa lori. Mpaka mchana mmoja mwenyekiti wa baraza, Mzee Lukasi, akagonga meza akasema: "Paka akae kwa mtu wa kati. Wote wawili mumhudumie. Atakayechoka wa kwanza, paka hakuwa wake. Tokeni!"

Mtu wa kati nikawa mimi, kwa kosa la kupita pale nje na birika la kahawa. Karani akanikabidhi paka akisema, "Shika kielelezo hiki." Basi jina likawa hilo.

Sasa jamani, unamwambiaje Mpare kwamba atakayechoka wa kwanza ameshindwa? Umempa kazi ya maisha. Tangu siku ile, Rufaa anashuka kutoka Chome kila siku ya gari, na Zuio anatoka stooni kwake kila asubuhi, wanakaa kwenye benchi langu, mmoja ncha hii, mmoja ncha ile, katikati wanaacha nafasi. Ile nafasi ndiyo ya Kielelezo. Alikuwa anapanda pale, anajikunja, wao wanagombana juu ya kichwa chake, naye anakoroma. Na cha ajabu, wakinyamaza tu anaamka, anawatazama kama mtu aliyezimiwa redio.

Lakini sasa hapandi tena. Figo zimekufa.

"Bando," akasema Rufaa, "hebu soma tena. Hiyo mashine inauzwa wapi?"

"Mzee, hiyo mashine ni ya Ulaya."

"Sijakuuliza ya wapi. Nimekuuliza inauzwa wapi."

"Na umeme wake je?" akadakia Zuio. "Mimi stoo yangu ina umeme. Chome kwako utaiwashia kuni?"

"Tuna umeme Chome tangu wewe unatumia kibatari!"

"Wazee," nikasema, "huyu paka jana kawekewa dripu mara mbili."

"Ya asubuhi nilileta mimi," akasema Zuio.

"Ya mchana mimi," akasema Rufaa. "Na yangu ilikuwa kubwa."

"Ndiyo maana kavimba miguu! Umemjaza maji kama tenki la shule!"

"Mimi? Na wewe na supu yako ya perege?"

"Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, wabichi, wametolewa miiba na mke wangu mwenyewe! Mimi hata siku moja sijatolewa mwiba na yule mwanamke!"

"Hakunywa hata tone."

"Hakunywa kwa sababu ulikuwa umemlisha asali ya mlimani, kinywa kinamnata!"

Mama Makande akaweka mwiko chini. "Hivi mnajijua? Kwa pesa mliyommalizia paka huyu mngekuwa na zizi la mbuzi. Anaeli, juzi umeuza beberu."

"Beberu alikuwa mkorofi."

"Idrisa, wewe umeahirisha kuezeka."

"Mvua zenyewe hazinyeshi siku hizi."

"Mwacheni mnyama apumzike!"

Hapo wazee wote wawili wakatazama upande mwingine. Rufaa akaitazama milima. Zuio akalitazama basi la Dar ambalo hata hapandi. Nilijua wanachofanya. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aseme, "Kweli, apumzike." Akisema hivyo tu, amechoka wa kwanza. Amekwisha. Mwenzake ataruka juu ya benchi aite mashahidi.

Na Kielelezo akalia. Si ile nyau ya kuomba samaki. Ni sauti ndogo, kavu, ya mnyama anayeumwa ambaye hajui amkasirikie nani. Mimi nimelala na sauti ile wiki nzima nyumbani kwangu, na nakuambia ukweli wa Mungu, nilikuwa nimewachukia wazee wale.

Dokta akafika na pikipiki yake. Ni binti mdogo, Nasrin, daktari wa mifugo, amesoma Morogoro, anaogopwa na ng'ombe wote wa tambarare lakini kijiwe changu kinamtoa jasho.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, dokta," akasema Zuio. "Umekuja na dripu yangu?"

"Yangu itangulie leo," akasema Rufaa. "Ya kwake ilitangulia jana."

"Na mimi nataka umwandikie kwenda Moshi," akasema Zuio.

"Moshi? Mwandikie Dar! Paka wangu hatibiwi Moshi!" akafoka Rufaa.

"Kwani, dokta," akaongeza, ameshusha sauti, "hamuwezi kumtoa figo paka mwingine mkampa huyu? Chome wapo wengi, hawana kazi."

"Hasa! Halafu useme ana kiungo cha Chome!" Zuio akasimama. "Nazuia! Figo itoke Same!"

"Jamani, figo ya paka asiyetaka?" Bando akacheka mpaka simu ikamponyoka. "Atasaini nani, huyo paka wa kutoa?"

Dokta hakucheka. Akapiga goti penye boksi, akamgusa Kielelezo tumbo, akamfungua jicho, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyekwishaamua kusema.

"Wazee wangu, nisikilizeni. Dripu leo sileti. Figo zimekwisha, hazirudi. Dawa ninazompa hazimtibu, zinamchelewesha tu, na anaumia. Ningewaambia mapema, nisameheni, kila nikifungua mdomo mnaanza kugombana. Ipo sindano moja. Nikimchoma analala, hasikii kitu, basi. Lakini mimi simchomi mnyama wa mtu bila ruhusa ya mwenyewe." Akatutazama. "Mwenye paka ni nani?"

Miaka kumi na sita swali hilo likiulizwa hapa, hata na mtalii aliyepotea njia, vidole viwili vinapanda na sauti mbili zinasema, "Mimi!" Siku ile tukasikia makande yanachemka.

"Nauliza tena. Mwenye paka ni nani?"

Zuio akakohoa. "Mzee Anaeli," akasema kwa sauti tamu ambayo sikujua kama anayo, "wewe ni mtu wa kanisa. Mwimba kwaya. Una huruma. Hebu sema neno."

"Huruma yako inaizidi yangu, Idrisa. Tangulia tu."

"Siwezi kukutangulia, wewe umenizidi umri."

"Tangu lini? Barazani uliapa umenizidi wewe!"

"Nilikuwa nimekosea hesabu."

"Mashahidi, mmesikia? Amekiri alisema uongo chini ya kiapo!"

"Wazee!" akasema dokta.

"Nina wazo," akadakia Bando. "Semeni kwa pamoja. Nahesabu moja, mbili, tatu, wote mnasema 'achomwe'. Hakuna wa kwanza, hakuna wa pili. Ngoma droo."

Wakatazamana. Wakakubali kwa vichwa, polepole. Ilikuwa haki.

"Haya. Moja. Mbili. Tatu!"

Kimya.

"Mbona hujasema?" akafoka Rufaa.

"Mbona wewe hujasema?"

"Nilikuwa navuta pumzi!"

"Tena," akasema Bando. "Na safari hii bila uhuni. Moja. Mbili. Tatu!"

Rufaa akafungua mdomo. Zuio akafungua mdomo. Wakabaki hivyo, midomo wazi, kila mmoja anachungulia koo la mwenzake, mpaka inzi mmoja akapita katikati na wote wakafunga.

"Mungu wangu," akasema dokta, akakaa juu ya debe langu la maji.

Nikasema basi, tumpigie aliyetufunga kamba hii. Mzee Lukasi amestaafu, anaishi Usangi kwa binti yake. Bando akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Nani? Paka? Paka yupi?"

"Wa kesi, mzee! Mimba ya Chome, uzazi wa Same!"

Upande wa pili tukasikia kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. "Bado yupo? Lahaula, hao wazee bado? Ninyi, mimi nilisema vile ili nikale! Njaa ilikuwa inanisokota na Anaeli alikuwa anataka kumwita shahidi wa kamba ya gunia. Nilijua watachoka kabla ya Ijumaa! Waambieni kesi imekwisha, wamalizane, salamu zao!"

Simu ikakatika. Tukawageukia wazee kwa matumaini makubwa.

"Maneno ya simu hayana muhuri," akasema Rufaa.

"Na mwenyekiti mstaafu hatengui uamuzi," akasema Zuio. "Napinga."

"Naunga mkono pingamizi."

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nikapiga birika kwenye meza, kahawa ikaruka. "Basi nitasema mimi! Mimi ndiye niliyekabidhiwa! Mimi ndiye ninayemfuta, ninayemgeuza, ninayemsikia usiku! Dokta, mchome!"

"Wewe?" wakaruka wote wawili.

"Kwa mamlaka gani?" akafoka Zuio.

"Mtunza kielelezo anaharibu kielelezo!" Rufaa akaninyooshea fimbo. "Tutakushtaki!"

"Kwa pamoja!" akasema Zuio. "Mimi na yeye! Shauri moja!"

"Nitalipia mimi nusu!"

Mama Makande akaja amejifuta mikono kwenye khanga, akasimama mbele yao, na mara hii hakupaza sauti. Niliogopa zaidi.

"Semeni ukweli wazee wangu. Anaeli, maharage siku hizi anashusha mwanao Vitus. Wewe unashuka kufanya nini? Idrisa, stoo ameshika Abdulrahmani, na wewe kila asubuhi upo hapa unalitolea macho gari la Chome. Unamsubiri nani? Siku ile barabara ilipokatika na mvua, wiki nzima hakuna gari, ulikataa hata kahawa. Mnajua paka akifa kesi imekufa, na kesi ikifa mtakutana kwa lipi? Mnamwacha mnyama wa Mungu ateseke kwa sababu mnaogopa kukosa wa kugombana naye. Kama nimekosea, niambieni."

Rufaa akaanza kuchezea kifungo cha sweta. Zuio akavua kofia, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akaivaa tena. Hata Bando aliweka simu mfukoni, na hilo sijapata kuliona tena.

Ndipo boksi likatikisika. Kielelezo alikuwa amesimama. Miguu inamtetemeka, mkia umelala, kichwa kizito. Akatoka. Akampita Zuio, na Zuio akazuia pumzi. Akampita Rufaa, Rufaa naye akazuia. Wote tulijua wanafikiria nini: huu sasa ndio ushahidi wenyewe, atakwenda kwa nani? Hakwenda kwa yeyote. Akafika katikati ya benchi, akainua kichwa akaitazama ile nafasi yake pale juu, akajikusanya aruke. Hakuweza. Akajikusanya tena. Akaanguka ubavu.

Wazee wakainama wakati mmoja. Vichwa vikagongana, kofia ikadondoka, hakuna aliyejali. Mikono minne ikaingia chini ya paka mmoja, wakamwinua taratibu wakamlaza kati yao.

Kukawa kimya. Kielelezo hakulala. Akawa anatoa ile sauti yake kavu, anafungua lile jicho moja, anamtazama huyu, anamtazama yule. Anasubiri.

"Idrisa," akasema Rufaa.

"Naam."

"Paka ni wako."

"Nini?"

"Nasema paka ni wako. Kazaliwa kwenye stoo yako."

Zuio akamtazama, akamtazama paka, na nikaona ameelewa kabla yetu sote. "Usinichezee wewe!" akasema kwa sauti kubwa. "Mimba ilitoka wapi? Chome! Paka ni wako!"

"Mimba si paka! Ni wako!"

"Gunia lilikuwa la nani? Lako! Na kilichomo ndani ya gunia ni chako!"

"Gunia lilishavuka mlango wako! Ni wako, na macho amefumbulia kwako!"

"Utanilazimisha kuwa mwenye paka kwa nguvu? Nazuia! Ni wako!"

"Nakata rufaa! Ni wako!"

Sauti zilikuwa zile zile za miaka yote, kali, zimejaa mate, stendi nzima inageuka. Lakini machozi yalikuwa yanamshuka Rufaa mpaka kwenye sweta, na Zuio alikuwa anagombana huku mkono wake unampapasa paka mgongoni. Na Kielelezo akaweka kichwa chini. Jicho likaanza kuzama. Akaanza kukoroma, kidogo, kama zamani.

Dokta akanitazama. Mwenye paka ni nani? Hakuuliza kwa mdomo. Mimi nikawatazama wazee wale, kila mmoja anampa mwenzake kitu alichokipigania miaka kumi na sita, wanapiga kelele ili mnyama alale, nikajua ruhusa imeshatolewa na wote wawili, ila hakuna atakayeisema. Nikamwitikia dokta kwa kichwa. Akapiga goti nyuma ya benchi, akafanya kazi yake kwa mikono miepesi.

"Ni wako, Idrisa!"

"Ni wako, Anaeli! Nimesema!"

"Wako!"

"Wako."

"Wako..."

Dokta akaweka kile kifaa chake kwenye kifua cha paka, akasikiliza, akakitoa. "Amelala," akasema.

Wazee wakanyamaza. Tukamtazama Kielelezo sote, tukisubiri aamke kama kawaida yake redio ikizimwa. Hakuamka.

Mama Makande akajifunika uso kwa khanga. Bando akaenda kukagua tairi la pikipiki ambalo halikuwa na tatizo. Mimi nikamimina kahawa vikombe viwili, nikawapa. Wakanywa. Nikajisemea, ndiyo basi, kijiwe kimekufa leo. Gari la Chome litaondoka na Rufaa, na hatarudi, maana atarudi kufanya nini.

Rufaa akashusha kikombe. Akavua sweta. Sikujua kama ndani yake kuna mtu mwembamba hivyo. Akamfunika nalo Kielelezo, akampakata.

"Gari linaondoka saa nane," akasema. "Nitamzika Chome, chini ya mgomba."

Zuio akageuza shingo taratibu. "Utamzika wapi?"

"Chome."

"Paka wa nani?"

"Idrisa, usianze."

"Si umesema mwenyewe paka ni wangu? Mbele ya dokta, mbele ya Kabidhi, mbele ya stendi nzima? Paka wangu atazikwa nyuma ya stoo yangu!"

"Na wewe si umesema ni wangu?"

"Nilisema kwa majonzi! Maneno ya majonzi si ushahidi!"

"Na ya kwangu yalikuwa ya harusi? Bando! Washa pikipiki!"

"Niwapeleke wapi, wazee?"

"Barazani!" wakasema kwa mpigo.

Wakapanda mshikaki, Bando mbele, Zuio katikati, Rufaa nyuma bila sweta, na Kielelezo amebanwa kati yao kama siku zote. Mimi nikafunga birika, nikawafuata kwa miguu. Sikuwa na hamu ya kesi, ila nawajua, wangeniita tu.

Siku hizi mwenyekiti ni mwanamke, Bi Fadhila, mama mwenye miwani na maneno machache. Akawasikiliza. Mimba, uzazi, gunia, dripu, majonzi. Wakati Rufaa anaomba kumwita shahidi wa sweta, harufu ya wali wa nyumba ya jirani ikaingia dirishani, nikamwona Bi Fadhila anaitazama saa ya ukutani. Nikasema moyoni, haya.

Akagonga meza. "Azikwe kwa mtu wa kati. Wote wawili mje kumtembelea. Atakayechoka wa kwanza, paka hakuwa wake. Tokeni!"

Wazee wakainamisha vichwa kwa heshima. Walipotoka nje, kila mmoja alikuwa anajizuia kutabasamu, na kila mmoja anadhani mwenzake hamwoni.

Kwa hiyo sasa natunza kaburi. Lipo nyuma ya meza yangu ya kahawa, limezungushiwa mawe, na mawe yenyewe wamegombana siku mbili yatoke mlimani au tambarare. Nilitaka kuliondoa benchi nikipanue kijiwe, Mama Makande akanitishia mwiko.

Siku ya gari iliyofuata, cruiser ya Chome haijazima hata injini, nikamwona Rufaa anashuka na sweta jipya. Zuio alikuwa ameshakaa ncha yake tangu alfajiri. Rufaa akakaa ncha ya pili. Katikati waliacha nafasi.

"Umechelewa," akasema Zuio. "Umeanza kuchoka?"

"Nani kachoka?" akasema Rufaa. "Kabidhi, lete kahawa."